Kiboko na Pimbi Katika Kongamano la Kilimani

Naingia na ngano.
— Ingia nayo, tuko macho.
Niiweke wapi?
— Iweke masikioni.
Basi sogeeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, palikuwa na monasteri juu ya kilima. Abate wake alikuwa Korongo, mtawa mrefu, mpole, aliyetembea kama anayeogopa kuiamsha ardhi. Kila kiangazi Korongo aliwaalika wasomi kwenye kongamano, waichambue hazina ya fikra iliyotunzwa na Kanisa Katoliki tangu enzi za mababa wa imani. Sheria yake ilikuwa moja: hapandi mtu jukwaani na mada aliyoiandaa peke yake. Kila mada iwe ya wawili, kutoka vyuo viwili.

Mwaka huo Korongo alitangaza kwamba yule ambaye neno lake litakubaliwa na ukumbi atapewa kigoda cha mwalimu mkuu wa monasteri, na pamoja nacho bustani yenye chemchemi. Na jua, ndugu zangu, lilikuwa limekausha hata mate.

Kiboko, mkuu wa Chuo cha Mtoni, alikitaka kigoda kile mpaka meno yakamwuma. Alikuwa na mto, alikuwa na wanafunzi tele, alikuwa na sauti ya kutikisa madirisha. Aliyemkosesha raha ni Pimbi, mwalimu wa chuo kidogo cha majabalini. Pimbi ungeweza kumtia kapuni ukafunika, lakini alipofundisha, wanafunzi wake walicheka, wakauliza, wakakawia kuondoka. Wa Kiboko waliondoka mbio.

Kila Kiboko alipopita chini ya majabali alisikia vicheko, he-he-he, na moyo wake ukafanya chwaa, kama tone la maji kwenye mafuta ya moto.

"Wanacheka nini?" alijiuliza. "Mimi nikisema, mbona hawacheki?"

Basi Korongo akawaweka pamoja, Kiboko na Pimbi. Swali lao likawa hili: Je, mkubwa na mdogo wanaweza kuutafuta ukweli pamoja?

Kiboko akapanda kilima, di, di, di. Pimbi akapanda nyuma yake, ti-ti-ti. Wakaonyeshwa vyumba.

"Kikubwa changu, kidogo chako," akasema Kiboko.

"Wewe ndiye mkubwa, Mwalimu Mkuu," akajibu Pimbi.

Wakaletewa uji wa mtama.

"Bakuli kubwa langu, dogo lako."

"Wewe ndiye mkubwa, Mwalimu Mkuu."

Pimbi akanywa uji wake kidogo, akiwaza. Alijua Kiboko akiipata chemchemi ataingia ndani mzimamzima, na wanafunzi wa majabalini watabaki kulamba mawe.

"Mada yetu," akasema, "tuijenge kwa desturi ya vyuo vya kale vya Kanisa. Mmoja hutangulia kutoa pingamizi, yaani kila neno zito ambalo mpinzani angelisema. Wa pili husema 'Lakini', kisha hujibu."

"Ipi ndefu?"

"Pingamizi, mzee wangu. Ni ndefu, tena zina maneno matamu. Nilikuwa nimetamani nizisome mimi, maana wanafunzi wangu watakuwepo."

Moyo wa Kiboko ukafanya chwaa.

"Ndefu yangu, fupi yako."

"Basi mimi nitabaki na 'Lakini' tu?"

"Baki nayo. Inakutosha."

Pimbi akainamisha kichwa kama aliyeonewa. Kisha akazitunga zile pingamizi, moja baada ya moja, na Kiboko akazikariri.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Kiboko akapanda jukwaani, di, di, di.

"Mkubwa na mdogo hawawezi kuutafuta ukweli pamoja," akanguruma. "Kwa nini? Mdogo hafiki. Mdogo haoni. Mdogo hawezi. Mkubwa akitoa hoja, mdogo ataongeza nini? Mkubwa aelekeze, mdogo anyamaze."

Akaendelea mpaka kivuli cha mnara kikahama. Wanafunzi wa mtoni wakapiga makofi, pwata, pwata. Wa majabalini hawakucheka hata kidogo. Kiboko akawatazama, na kwa mara ya kwanza wivu ukamtulia kifuani. Kitu kimoja tu kilimsumbua: Pimbi alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Pimbi akasimama juu ya kiti ili aonekane.

"Lakini," akasema. "Mwalimu Mkuu, niulize neno moja. Pingamizi hizi umeziandaa peke yako, au tumeziandaa pamoja?"

Kiboko akafumbua kinywa. Akikiri kwamba ni pamoja, basi mkubwa na mdogo wanaweza. Akisema ni peke yake, amevunja sheria ya Abate. Akafumba kinywa, kop.

"Jibu, ndugu," akasema Korongo kwa upole.

"Pamoja," Kiboko akanong'ona.

"Nami sina la kuongeza," akasema Pimbi, akaketi.

Ukumbi ukacheka, he-he-he, wa majabalini na wa mtoni pia. Siku hiyo Kiboko alisema, na watu wakacheka.

Pimbi akapewa kigoda. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua lango la bustani, na kila mwenye kiu akanywa. Akamwita Kiboko naye aje anywe. Kiboko hakugeuka. Alishuka kilima, di, di, di, akajitosa mtoni, tubwi, asimwone mtu. Lakini kilimani makofi yalikuwa bado yanapigwa, naye alitaka kujua ni ya nani. Kwa hiyo akatoa masikio nje ya maji. Mpaka leo ameyaacha hapo, na mpaka leo anayatikisa.

Funzo la ngano hii, wanangu, liko wazi: ukialikwa kwenye kongamano, chagua sehemu iliyo ndefu, useme kuliko wote, na anayekuja nyuma yako na neno moja usimjali. Hana madhara.

Ngano imeishia hapo. Aliyeisikia ameshiba, aliyesinzia na alale na njaa.