Korosho za Bi Kindi Zilizokataa Mafungu

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio?

Asikie!

Na wewe unayesinzia hapo kwenye mkeka, fumbua jicho, kisa hiki kina chakula.

Alikuwepo Fisi, mkuu wa soko, tumbo mbele yeye nyuma. Aliapa mbele ya wanyama wote: "Mimi ni wa haki! Mali ya mtu nitaipanga mafungu yaliyo sawa, fungu moja nichukue ushuru. Yasipolingana, sili. Nikivunja kiapo, nifukuzeni!" Kiapo kitamu hicho! Ila kila siku alipanga mafungu mawili tu, na kila mtu akarudi kwake na nusu.

Mwaka uliopita Bi Kindi alirudi na nusu ya korosho zake, na kiangazi wanawe wakalala njaa. Safari hii akasema, "Thubutu! Sikubali." Alipovuna, akazipanga nyumbani kwanza. Zikipangika sawa, anakaanga moja, wanawe wanaila, anaanza upya. Panga, kaanga. Panga, kaanga. Mwisho zikabaki mia mbili na kumi na moja, zikagoma kabisa. Wasomi huiita namba tasa, haizai mafungu. Akazibeba sokoni.

"Karibu mama, karibu!" Fisi akachekelea, mate chururu.

Akapanga mafungu mawili, to! to! to! Ikabaki moja.

Akapanga matatu, to! to! to! Ikabaki moja.

Matano. Ikabaki moja.

Saba. Ikabaki moja!

"Hii moja ina nini na mimi?" Fisi akafoka.

"Imekupenda, Bwana Mkubwa," akasema Bi Kindi.

Kumi na moja, zikabaki mbili. Kumi na tatu, zikabaki tatu. Jasho tiririri!

Mara Fisi akazikumbatia zote. "Fungu moja! Halina mabaki. Langu!"

Bi Kindi akawakumbuka wanawe. Akakaza sauti: "Uliapa mafungu yaliyo sawa, Bwana. Hili liko sawa na lipi?"

Soko zima likaangua kicheko. "Kiapo, Fisi! Kiapo!"

"Basi nitapanga moja moja!" Akapanga, akapanga, mpaka jua likainama. Mafungu mia mbili na kumi na moja, yote sawa, hakuna mabaki.

"Hongera, umeweza," akasema Bi Kindi. "Haya, chukua fungu lako."

Fisi kwa hasira akalinyakua, akalitafuna na ganda lake, kacha! Na korosho mbichi mnaijua nyie, ganda lake lina mafuta yanayounguza. Mdomo ukamuumuka kama andazi. Bi Kindi akafunga kapu lake, akaenda kupikia wanawe.

Kisa changu ndicho hicho. Kikiwa kitamu, tafuneni. Kikiwa kichungu, mtupieni Fisi.

Funzo? Hesabu haina faida yoyote, wanangu. Kama hamniamini, muulizeni Fisi, mkiweza kuelewa anachosema.