Kalunguyeye na Barua ya Mjumbe

Mpo?
Tupo.
Mmekula?
Wengine.
Basi waliokula wasikilize, wasiokula wavumilie kama kawaida.

Kalunguyeye alitoka gerezani Jumatatu, mkononi karatasi ya kuachiliwa, tumboni hakuna kitu. Alikuwa amefungwa miaka miwili kwa muhogo mmoja. Akaenda kwenye ghala la chakula cha msaada, kwa Fisi mtunza ghala. Ngo, ngo, ngo.

"Shikamoo, mzee. Nina njaa."

"Marahaba. Barua ya mjumbe iko wapi?"

Akaenda kwa mjumbe, Kobe.

"Mwanangu, barua ni ya wakazi. Wewe unakaa wapi?"

"Nilikuwa gerezani."

"Basi gereza likuandikie."

Jumanne, ngo, ngo, ngo. "Barua?" Jumatano, ngo. Mkono ulikuwa umeishiwa nguvu. Fisi alikuwa anakula maharage, kwapu, kwapu, na daftari la ghala liko wazi dirishani. Kalunguyeye akaona jina lake humo. Kila mwezi, kwa miaka miwili, amepokea unga na maharage. Ametia sahihi kwa dole gumba, kubwa kama la Fisi.

Akajifanya hajaona.

"Haidhuru, mzee. Ninasikitikia mbuzi wangu."

"Mbuzi gani?"

"Kila anayeachiliwa anapewa mbuzi mzima langoni. Mimi naona haya kurudi kule. Kumbe hata wewe ungetaja jina langu na namba, mia nne na saba, wangekupa. Kule wanasoma namba, sura hawaangalii."

"Kwi, kwi, kwi. Shika funguo. Usiguse kitu."

Fisi akafika langoni anadondokwa na mate. "Mimi ni Kalunguyeye, mia nne na saba. Nimefuata changu."

Askari Nyati hakuinua macho. "Karatasi ya kuachiliwa?"

"Sina."

"Asiye na karatasi hajaachiliwa. Ingia."

"Afande, nitazame. Mimi ni Fisi."

"Una barua ya mjumbe?"

Kwachaa, lango likafungwa.

Kule ghalani Kalunguyeye alikula mpaka miiba ikamsimama. Alhamisi, ngo, ngo, ngo. Ni Panya, aliyelala naye mkeka mmoja gerezani, ametoka asubuhi ile.

"Kaka, nina njaa."

Kalunguyeye akafuta mdomo.

"Pole sana, ndugu yangu. Barua ya mjumbe iko wapi?"

Hadithi yangu imeshiba, naiacha hapa ilale. Funzo, kwa wanaopenda mafunzo: ukiwa na njaa, fuata utaratibu. Utaratibu haujaua mtu. Wote waliokufa wakiufuata, walikufa kwa njaa.