Kigoda cha Dakta Mhoja

Mwandishi akikaa kigodani, andiko husimama. Ndivyo profesa wenu alivyomwambia huyu Sizya asubuhi ya leo, profesa akimkosoa andiko lake naye Sizya anamkatiza kila neno, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya kumnyamazisha mtoto wa watu. Sogeeni basi. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, nami nilikuwapo, maana nilikuwa mpiga chapa wa Kituo cha Utafiti cha Isenga, na meza yangu ilitazamana na mlango wa Dakta Mhoja Lutonja.

Dakta Mhoja alikuwa bingwa wa uhifadhi wa mazao. Aliwahi kuchapisha makala katika jarida kubwa akieleza kwamba majivu hayazuii fukusi kula maharage, na watu wakaliacha jambo hilo hapo. Kisha akaajiriwa binti mmoja, Dakta Kalunde, bado yuko katika muda wa majaribio, akasema majivu yanazuia sana, kwani bibi yake alihifadhi hivyo na fukusi hakuwaona. Walibishana katika mkutano wa idara mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile ikawa ni shikamoo na marahaba, basi.

Kalunde alikuwa na akili kali, sitawadanganya. Aliingia ghalani kabla yetu sote na alitoka akiwa mweupe kwa vumbi la majivu. Lakini mdomo! Ukimwonyesha dosari katika kazi yake, alikuwa amekwisha kukujibu kabla hujafunga kinywa. Wenzake wakachoka. Akiwapa andiko wasome, walilirudisha upesi na kusema, "Zuri, dada, zuri sana." Naye akiwa ameshiba sifa hizo akalituma jaridani. Likarudi. Mhariri aliandika kwamba hoja haijathibitika. Kalunde akanyoosha lugha, akapanga upya majedwali, akaongeza marejeo, akatuma tena. Likarudi na maneno yale yale.

Hapo mkurugenzi akamwita, akamweleza waziwazi kwamba mwaka ukiisha bila makala yake kukubaliwa, nafasi ile ya utafiti atapewa mtu mwingine. Jarida lilikuwa limetangaza toleo maalumu la uhifadhi wa mazao, na mwisho wa kupokea maandiko ulikuwa umekaribia. Ilikuwa ndiyo bahati yake ya mwisho.

Akaniletea andiko nilitengeneze kwa utaratibu wa jarida: ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, isizidi kiasi walichotaka, jina la mwandishi liondolewe ili wahakiki wasimjue. Nilipomaliza hakuondoka. Akasimama pale akiyaangalia makaratasi.

"Dada Nyanzala," akasema, "umelichapa hili mpaka umelikariri. Linakosa nini?"

"Mimi nitajua wapi, mdogo wangu? Najua tu ni nani hajalisifu bado."

Akageuka akautazama mlango wa Dakta Mhoja. Kisha akaenda, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Ofisi ya Dakta Mhoja ilikuwa na kiti kimoja cha wageni, nacho kilijaa majarida hadi juu. Palikuwa na kigoda pia, kile alichokalia yeye mwenyewe akichagua maharage kwenye ungo. Mlango wake haukufungika vizuri, hivyo niliona na kusikia yote bila kutega sikio. Haya, nilitega kidogo.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Umekuja kubishana?"

"Nimekuja unisomee andiko langu kabla sijalituma."

Dakta Mhoja akasema, "Kaa hapo kigodani. Nitasoma kwa sauti, na nitasema kila kinachonikera. Hujibu kitu mpaka nimalize. Ukijibu, chukua karatasi zako."

Alisoma, jamani. Alisoma taratibu, akisimama karibu kila aya. Sentensi hii ina majivuno. Jedwali hili halielezi kipimo. Kalunde amekaa chini, magoti yamemfikia kidevuni, ameuma mdomo. Nikajisemea leo binti huyu atapasuka.

Halafu Dakta Mhoja akarudi ukurasa wa nyuma.

"Maharage yenye majivu uliyaweka wapi?"

Kalunde hakujibu.

"Hapo jibu."

"Kwenye vyungu. Kama bibi alivyofanya."

"Na yale yasiyo na majivu?"

"Kwenye magunia."

"Sasa fukusi alizuiwa na majivu, au alizuiwa na chungu?"

Kalunde aliruka akasimama. Kinywa kilikuwa wazi, na jibu nililiona linakuja. Halikuja. Akashusha pumzi, akakaa tena kigodani, akasema, "Endelea, Dakta."

Lakini Dakta Mhoja hakuendelea. Alikuwa anatazama dirishani. "Mimi yangu yote niliyaweka kwenye magunia," akasema polepole. "Yenye majivu na yasiyo na majivu. Chungu sikukijaribu kabisa."

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Toleo linafungwa, kazi inaponyoka, na mtu mwingine anayeijua dosari ile ni mmoja tu. Kalunde alikwenda kwa mkurugenzi kesho yake kusema hatatuma, anaomba msimu mwingine arudie jaribio. Aliyeongozana naye, akasimama pembeni yake na kumwombea, ni Dakta Mhoja. Mkurugenzi alimtazama kwa mshangao, maana ugomvi wao alikuwa anaujua, kisha akakubali kwa shingo upande.

Msimu ukapita. Safari hii palikuwa na vyungu vyenye majivu na visivyo na majivu, na magunia vivyo hivyo. Ghala likasema lenyewe: kwenye chungu majivu yalikaa yakawashinda fukusi, kwenye gunia yalichujuka chini na fukusi wakala watakavyo. Makala iliyoandikwa hapo ilimsahihisha Dakta Mhoja kwa jina, naye ndiye aliyeshikilia aandikwe. Wahakiki wa jarida waliuliza maswali makali. Kalunde aliyasoma yote mpaka mwisho ndipo akajibu, moja moja, bila hasira. Ikakubaliwa. Mimi nililia pale kwenye meza yangu, wala sioni haya kuwaambia.

Haikupita muda mrefu, Dakta Mhoja akavuka ukumbi, andiko jipya kwapani, na mkononi kabeba kile kigoda. Akakiweka mbele ya meza ya Kalunde.

"Dakta, kiti hiki hapa kitupu!" Kalunde akasema, akiinuka kwa aibu. "Wewe mtu mzima utakaaje huko chini?"

"Ulikaa hapa, andiko lako likasimama," akasema mzee, akijishusha taratibu kwa ajili ya magoti yake. "Na mimi niache nikae. Soma, mwanangu, na usinionee huruma."

Kalunde akasoma. Hakumwonea huruma. Na mzee yule, bingwa wa mabingwa, hakufungua kinywa mpaka ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo Sizya, chukua karatasi zako urudi kwa profesa. Na ukifika, usitafute kiti. Mwandishi akikaa kigodani, andiko husimama.