Miaka Miwili Isiyoandikwa

Mzee Lugusi wa Sikonge alikuwa na binti mmoja, Nyamizi, aliyesomea uhandisi wa maji. Alipohitimu alichimba visima vijijini kwa miaka miwili. Halafu moyo wake ukageukia kazi nyingine. Alitaka kufanya kazi kwenye kampuni zile za fedha za mjini zinazoamua ni mradi upi upewe mtaji na upi unyimwe. Baba yake hakumkataza, ila aliacha kutaja habari za kazi kila walipozungumza, naye Nyamizi akajua kwamba amemuumiza kwa kuacha visima.

Aliomba nafasi mara tatu, na mara tatu akakataliwa. Walioitwa walikuwa watu wa biashara na uchumi, wanaozungumza habari za hisa na hatifungani kama mtu anavyozungumza habari za jikoni kwake. Basi akajifungia, akasoma vitabu vyao mwaka mzima. Alipoandika barua ya nne, shahada yake aliisogeza chini kabisa, na ile miaka miwili ya visima akaifuta. Aliogopa wasije wakamwona mtu wa matope.

Safari hii aliitwa. Walikuwa sita kwa nafasi moja. Kila mmoja alipewa jalada la mradi wa kilimo cha umwagiliaji wa kijiji kimoja, na saa moja ya kulisoma, kisha aseme mbele ya jopo la wasaili kama mtaji utolewe au la. Nyamizi alianza kupiga hesabu za faida kama vitabu vilivyomfundisha. Wenzake walikuwa wepesi kuliko yeye. Alipokuwa bado anahangaika na ukurasa wa tatu, yule wa pembeni yake alikwisha kufunga jalada na kukunja mikono. Nyamizi akaona ameshindwa tena.

Kwa kukata tamaa akafungua kurasa za mwisho, zenye michoro, ambazo hakumwona mwenzake yeyote akizigusa. Macho yake yakatulia. Pampu iliyochaguliwa ingeweza kupandisha maji mita arobaini. Tangi lilichorwa juu ya kilima cha mita sitini. Akarudia kusoma mara mbili, maana hakutaka kuamini.

Watano waliotangulia walisema mtaji utolewe, na kila mmoja alieleza vizuri. Zamu yake ilipofika, Nyamizi alifungua jalada kwenye michoro.

“Maji hayatafika,” alisema.

Mkuu wa jopo, mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Chilongani, aliinua kichwa. Nyamizi akamwonyesha mchoro.

“Umeyajulia wapi haya?”

“Nimechimba visima miaka miwili, mama. Sikuandika kwenye barua. Niliona aibu.”

Bi Chilongani alipitia karatasi yake ya hesabu. “Hesabu zako ni za polepole,” akasema, “lakini hizo tutakufundisha.”

Siku tatu baadaye alipigiwa simu kwamba nafasi ni yake, na kwamba ule mradi umerudishwa ukabadilishwe pampu kabla ya kupewa chochote. Nyamizi aliketi kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akavua viatu, akalia na kucheka kwa pamoja hadi mpangaji mwenzake akatoka kuuliza kama kuna msiba. Kisha akampigia baba yake, akamsimulia yote, hata ile aibu.

Mzee Lugusi alisikiliza mpaka mwisho. “Wale watu wa kijijini wangebaki na tangi kavu?”

“Wangebaki nalo, baba.”

Akamsikia mzee akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo baada ya mwendo mrefu. “Basi nenda kazini, mama yangu,” alisema. “Nenda kwa amani.”

Nanyi mlioketi hapa, ni nani aliyewafundisha kuonea aibu kazi iliyowakomaza?