Kitanda cha Kitwana Asiyetulia

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na chumba kidogo na mtu mwenye haraka kubwa. Haya, sogeeni. Na wewe kule, acha kuuchokonoa huo moto, utatufukiza sote.

Zamani, zamani hasa, wakati ndege na wadudu walipokuwa wakisema na watu bila kubembelezwa, alikuwako mtu akiitwa Kitwana. Kitwana huyu alikuwa hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda. Akienda, njiani anakumbuka alichosahau, anarudi mbio. Mke wake, Mishi, alikuwa mjamzito, mwezi wake umefika. Chumba chao kilikuwa kidogo, hakina hata dirisha, na humo walilala chini, juu ya mkeka.

Masika yakaingia. Asubuhi moja akaja siafu, askari, mdogo mwenye kichwa kikubwa. Akasimama kizingitini.

"Hodi!"

"Karibu."

"Sikai. Keshokutwa alasiri jeshi letu linapita hapa. Desturi yetu unaijua: kilicho chini ni chetu, kilicho juu ni chenu."

"Lakini mke wangu anajifungua siku hizi hizi!"

"Basi ajifungulie juu," siafu akasema, akaenda zake.

Kitwana akaruka wima. Aliwahi kuona siafu walivyomfanya kuku wa jirani aliyekuwa akiatamia. Palibaki manyoya tu. Sasa mtoto mchanga, juu ya mkeka! Kitanda lazima! Akashika shoka, akashika msumeno, akashika nyundo, huyoo!

"Mume wangu," Mishi akamwita, "hicho kitanda..."

"Nakutengenezea! Usiniulize!"

Akakata miti, akachonga matendegu, ndiyo miguu ya kitanda. Ko, ko, ko! Juu ya mti alikuwapo kigogota, yule ndege anayetoboa magogo kwa mdomo, naye mambo ya mbao anayajua. Akainamisha kichwa.

"Kitwana, Kitwana, umepima?"

"Nimepima kwa macho! Niache!"

Ko, ko, ko! Jua lilipopinda, kitanda kikawa tayari, kipana, kimekaa vizuri, kimo chake gotini. Akakibeba mpaka mlangoni. Hakipiti. Akakilaza ubavu. Hakipiti. Akakipindua miguu juu. Hakipiti, na ngozi ya vidole ikabaki kwenye fremu. Kigogota akacheka mpaka akakaribia kuanguka. Kitwana akakivunja kile kitanda kwa hasira.

Siku ya pili hata uji hakunywa. Akachukua kamba, akapima mlango juu na chini.

"Mume wangu," Mishi akasema, "hicho kitanda..."

"Nakimaliza leo! Usiniulize!"

Na kwa kuwa hofu ilimpanda, kitanda akakipandisha nacho, kikafika kiunoni. Ko, ko, ko!

"Kitwana, Kitwana, umepima?"

"Nimepima mlango! Una lingine?"

Ko, ko, ko! Kikaisha. Akakisukuma, kikapita mlangoni, Kitwana akapiga vigelegele peke yake. Lo! Kikaenda, kikaenda, kikagonga ukuta wa nyuma, na nusu yake bado iko nje inanyeshewa. Sasa Mishi alale kichwa ndani na miguu uani? Kitwana akakaa chini, akasimama, akakaa tena. Akakivunja na hicho.

Siku ya tatu, ndiyo siku yenyewe. Usingizi hakuupata. Kulipokucha akapima chumba, ukuta kwa ukuta, akasema kitanda cha leo nakijengea humu humu ndani, nione kitakavyokataa kuingia. Mbao akaingiza, nyundo na misumari akaingiza, shoka na msumeno akaviacha uani.

"Kitwana," Mishi akasema, mkono kiunoni, "hicho kitanda..."

"Usiniulize!"

Kigogota akatua upenuni.

"Kitwana, Kitwana, umepima?"

"Nimepima chumba!"

"Na atakayekilalia umemuuliza?"

"Sitaki maneno ya ndege!" Akaufunga mlango, paa!

Ko, ko, ko! Hofu ikamwambia kiunoni hapatoshi. Akakipandisha mpaka kifuani. Akapigilia misumari mirefu, akaongeza mingine juu yake. Alasiri kitanda kikawa tayari, kimejaa ukuta kwa ukuta, hata wembe hupitishi. Kitwana akarudi nyuma akitazame, akakuta nyuma hakuna nafasi. Amebanwa mvunguni. Akavuta mlango. Jamani, mlango ule ulifungukia ndani! Ukagonga ubavu wa kitanda, ukakwama.

Na huko nje sauti ya Mishi: "Kitwana! Uchungu umenishika!"

Na mbali, majanini: "Twaja, twaja, twaja."

Kitwana akasukuma, akavuta, akaita Mungu wake. Misumari haing'oki, aliipigilia mwenyewe. Akapapasa mlango, akakuta bawaba zake ni za ngozi. Akachomoa kisu kiunoni, akakata ya chini, akakata ya juu, akaulaza mlango ubavu, akausukumia nje kupitia mvunguni, naye akatoka akitambaa.

Pale upenuni alimkuta Mishi amejishikilia kwenye nguzo, na Bi Mwanate mkunga amemshika mgongo.

"Ingia, mke wangu! Kitanda kiko tayari!"

Mishi akachungulia. "Kile? Kirefu kama dungu la kulindia ndege shambani? Nikipande na tumbo hili?" Machozi yakamtoka. "Siku tatu nataka kukwambia, Kitwana. Siku tatu! Nilitaka cha chini tu, ninachoweza kukikalia mwenyewe."

"Twaja, twaja, twaja."

Bi Mwanate hakuwa mtu wa kulia. Akausukuma mlango kwa mguu. "Ubao si huu? Lete kinu!"

Kitwana akakileta kinu. Wakaegemeza upande mmoja wa mlango juu yake.

"Lete cha pili!"

"Cha pili hatuna, Bi Mwanate."

Mkunga akamgonga mgongoni kwa kidole. Kitwana akaelewa. Akapiga magoti, akaweka mikono chini, wakamlazia upande wa pili mgongoni, na Mishi akalala juu. Bi Mwanate akamwaga majivu kukizunguka kinu, siafu wasipande. Majivu yakaishia hapo hapo.

Siafu wakafika. Yule askari akatangulia.

"Kitwana! Umo chini?"

"Nimo chini."

"Desturi unaijua."

"Naijua. Piteni."

Wakapita. Wakamwingia vidoleni, wakamwingia magotini, wakamwingia sehemu ambazo mbele ya watoto sizitaji. Wanauma hao, nyie! Mtu yeyote angeruka. Na yule Kitwana asiyetulia, asiyeweza kukaa mpaka chai ipoe, hakutikisa hata bega. Meno yalisagana, jasho likamdondoka, na mlango ukabaki sawa.

Jeshi lilikuwa halijaisha kupita mtoto akalia. Wa kike.

Mishi akateremsha mkono, akautia kwenye nywele za mumewe. "Kitwana, umetulia."

"Nimetulia," akasema, akalia kuliko mtoto.

Uvimbe ulipopungua akashika msumeno, akakaa, akakaa kweli, akauliza: "Kiwe na kimo gani, mke wangu?" Mishi akaweka kiganja chini kidogo ya goti. Kitanda kikatengenezwa asubuhi moja, na pembeni pakabaki nafasi ya kigoda.

Basi jueni, mnaojifanya mafundi: kabla hujapima mbao, msikilize atakayelala.

Ngano yangu imefika mlangoni, na mlango wenyewe mnajua ulikokwenda, kwa hiyo tokeni bila kubisha. Nami niliomba vipande vya kile kitanda kirefu nitengeneze kiti. Ndicho hiki nilichokalia. Msinicheke kinavyoyumba; nilikipima kwa macho.