Agogwe wa Mtemi Shilla

Shamba la mtama la Mtemi Shilla lilikuwa limemezwa na magugu, maana watu wake walikuwa wamechoka kupalilia bure. Alipoona kishamba cha mjane Nyanzala kinang'aa, alimwita barazani.

"Nasikia agogwe ndio wanaokupalilia," alinguruma. Agogwe ni viumbe wa msituni, mfano wa nyani, wafupi, wenye manyoya mekundu, na inasemekana humpalilia mtu akiwawekea kibuyu cha pombe. "Nipe hao agogwe, la sivyo nakunyang'anya shamba."

"Wachukue, Mtemi wangu. Lakini wana haya, na kazi huifanya kwa kuiga. Weka pombe ukingoni mwa msitu, uvae ngozi ya nyani, upalilie mpaka watoke. Ila kwa kuwa ni mwiko mtemi kushika jembe, fukuza watu wote wasikuone."

Siku tatu mtemi alipalilia peke yake, ngozi ikimwasha. Kila jioni Nyanzala alimnong'oneza, "Wanachungulia. Wanampima mwenzao kama ni mvivu."

Siku ya nne shamba lilikuwa safi, na mtemi akamburuta Nyanzala mbele ya wazee.

"Mwongo mkubwa! Agogwe hawakuja!"

"Pombe haikunywewa?"

"Imenywewa."

"Na shamba halikupaliliwa?"

"Limepaliliwa."

"Basi waambie wazee, Mtemi wangu, nani amelipalilia?"

Mtemi aliwatazama wazee, akaficha viganja vyake vyenye malengelenge.

"Agogwe," alisema.

"Hewaa," alijibu Nyanzala, ambaye ile pombe aliimaliza yeye. "Msimu ujao tutamwita yuleyule."