Kaburi la Kibacha

Mhamisha kaburi huhamisha mpaka. Methali hiyo mmeisikia leo mkutanoni, mzee Senzia alipowakatalia kuing'oa ile kengele ya zamani, nanyi mkacheka kwa kuwa kengele si kaburi. Sasa mnataka kujua methali hiyo ilitoka wapi. Haya, sogezeni vigoda, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa Kwakibacha, na chanzo chake ni hiki.

Zamani huku bondeni hapakuwa na mtu. Watu walibanana kule milimani, wakisema huku chini ni kwa mbung'o na tembo. Babu yangu Kibacha ndiye aliyeteremka kwanza, yeye na mkewe, panga mkononi na mbegu ndani ya kibuyu. Alifyeka pori mwaka baada ya mwaka mpaka akafika kwenye chemchemi. Watu wa Mkanyeni, majirani zetu wa ng'ambo ya chemchemi, nao walikuwa wakifyeka kuja upande huu, wakakutana pale pale majini, nusura wakatane mapanga. Wazee waliposuluhisha, walisema chemchemi ni ya Kibacha kwa kuwa alitangulia.

Yeye akawaambia wanawe, "Nikifa, nizikeni hapa nilipoishia." Wakamzika juu kidogo ya chemchemi, wakamzungushia masale, yale majani marefu tunayopanda makaburini na mipakani. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yetu. Desturi ya huku ilikuwa kwamba ardhi ni ya yule ambaye wafu wake wamelala ndani yake. Aliyehama kabisa alichimbua mifupa ya wazee wake akaenda nayo, na tangu siku hiyo hakudai tena shamba.

Aliyelitunza kaburi lile ni shangazi yangu Nakijwa, kitinda mimba wa Kibacha. Migomba yake ilianzia pale, ikinywa maji ya chemchemi, naye alikula na kusomesha watoto kwa migomba hiyo. Hakuwa na kitu kingine.

Basi kijiji kikaandaa sherehe ya kukumbuka kuanzishwa kwa kijiji, na mgeni rasmi akaahidi kuja. Mwenyekiti wetu wakati huo, Eliamani, alikuwa mtu mwema ila alipenda kuonekana. Alisema ni aibu mwanzilishi kulala porini, mbuzi wakimkanyaga. Tumlete barabarani, mbele ya ofisi, tumjengee kaburi la marumaru. Watu wakapiga makofi. Hata baba yangu alipiga. Nani asiyependa mzee wake aheshimiwe?

Shangazi peke yake ndiye aliyekataa. "Baba alisema alale alipoishia. Yule hakulala pale kwa kukosa mahali."

"Shangazi, hayo mambo ya kale," Eliamani akamjibu kwa upole. "Siku hizi mipaka inalindwa na ofisi. Kwani tunahama? Tunamsogeza tu."

Siku ya kuchimba, watu wa Mkanyeni walikuja. Hawakuja na fujo. Walikuja na kondoo, kama inavyofanyika jirani anapohama, na mbele yao alikuwa mzee wao Kajiru. Mifupa ilipokwisha kuviringishwa kwenye shuka jeupe, Kajiru alimwendea Eliamani.

"Mwanangu, mnamchukua wote? Hamwachi hata kidole?"

"Wote, mzee. Mtu mkubwa hagawanywi."

"Na masale je?"

"Yang'oeni nayo," Eliamani akawaambia vijana. "Tutayapanda kule kwenye marumaru."

Kajiru akauliza tena, taratibu, wote wasikie. "Kwa hiyo hapa hamna tena mtu?"

Shangazi alipaza sauti, "Eliamani, usimjibu!" Lakini ngoma zilikwisha kuanza, na mwenyekiti alikuwa na furaha.

"Hapa hatuna tena mtu, mzee. Mtu wetu yuko begani."

Kajiru akamkabidhi kondoo. Sisi tukamchinja, tukamla, tukasifu ujirani mwema. Ee Mungu, tulikula mpaka wetu kwa wali!

Mgeni rasmi alikuja kweli. Alishuka garini, akaweka shada, akapigwa picha, akaondoka kabla pilau halijaiva.

Kiangazi kilipofika, watu wa Mkanyeni walichimba mfereji kutoka kwenye chemchemi kwenda mashambani kwao, na masale mapya wakayapanda chini kabisa ya migomba ya shangazi. Eliamani alikimbilia baraza la wazee, maana ofisini mpaka ule haukuwa umeandikwa popote, lakini Kajiru hakuwa na maneno mengi. "Niliuliza kuhusu mifupa, nikauliza kuhusu masale, kisha nikauliza kuhusu mtu. Kondoo wa kuagana mkamla." Wazee wa pande zote mbili wakaamua kwamba chemchemi sasa ni ya Mkanyeni. Hakuna aliyeweza kumwita mwongo.

Eliamani alikonda. Hatimaye alikwenda mwenyewe kwa Kajiru, akiwa na shangazi, akapiga magoti. "Baba, turuhusu tumrudishe."

Kajiru naye alihuzunika, nasema kweli, maana alimjua Kibacha. "Mleteni, tutamzika vizuri. Lakini mjue, atalala kama mgeni."

Wote wakamtazama shangazi, kwa kuwa neno lilikuwa lake. Akasema, "Baba yangu hawezi kuwa mgeni mahali alipopafungua kwa mikono yake. Abaki barabarani."

Migomba yake ilikauka mwaka ule. Alihamia kwetu, akalala chumba kimoja na sisi watoto. Tangu hapo alikuwa akienda Mkanyeni kuomba maji, anapewa kibuyu kimoja, na kabla hajafika nyumbani anamwagia kidogo kwenye marumaru. Mbuzi aliowakimbia Eliamani walikuwa wakilala hapo hapo, maana marumaru yana ubaridi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anapoteza maji namna ile na sisi tuna kiu. Alinitazama kama anayenionea huruma.

"Ni maji yake, mwanangu. Sisi ndio tuliomtoa."

Kisha akasema lile neno mlilolicheka leo. Nanyi kesho asubuhi, mkipita Mkanyeni na ndoo zenu kuomba ruhusa, msimlaumu yeyote wa kule. Mhamisha kaburi huhamisha mpaka.